Mkungu Una Wenyewe

Mwaka 1331 Ibn Battuta, msafiri na mwanasheria kutoka Tangier, alishuka Mogadishu akiwa njiani kwenda Mombasa na Kilwa. Katika habari alizoacha kuhusu mji ule ameeleza jinsi wafanyabiashara walivyopokelewa. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua, kila mmoja na sinia la chakula lililofunikwa. Kila kijana alimkabidhi sinia lake mfanyabiashara mmoja na kumtangaza kuwa mgeni wake. Mgeni alifikia nyumbani kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia mali na kumnunulia alichohitaji. Na palikuwa na sharti. Mtu akichukua mali ya mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia kitu wakati mwenyeji wake hayupo, mauzo hayo yalihesabiwa batili. Ibn Battuta mwenyewe alikirimiwa wali wa samli, na pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Alipofika Mombasa aliwakuta watu ambao chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi na samaki.

Sharti lile la Mogadishu halikutungwa na watawa. Lilitungwa na watu wa biashara waliojua faida na hasara, na pwani hiyohiyo, tena kwa aibu kubwa, iliuza hata binadamu. Lakini katika mambo ya bidhaa walikuwa wametambua neno ambalo biashara ya ndizi ya leo, pamoja na meli zake za barafu na mikataba yake minene, bado haijalikubali: bei inayompunja mtu asiye na wa kumsemea haihesabiki kuwa bei. Ni lazima awepo mtu wa kusimama na kusema huyu ni wangu, mkimdhulumu yeye mmenidhulumu mimi. Kwa miaka mia moja na hamsini sasa, ndizi imevuka bahari mikononi mwa watu wanaosema kinyume cha hayo.

Kabla ya kuwafuata huko ng'ambo, tupande kwanza Marangu au Machame, tuingie kihambani, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, asubuhi umande haujakauka. Juu kabisa imesimama mringaringa na miti mingine mirefu ya kivuli. Chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na maharage. Karibu na nyumba kuna banda la ng'ombe wasiotoka nje. Hukatiwa majani na kukatiwa vigogo vya migomba iliyokwisha kuzaa, nao hurudisha samadi shambani. Maji huja kwa mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu na unaogawiwa kwa zamu. Tazama shina moja tu la mgomba utaona vizazi vitatu vimesimama pamoja: mama mwenye mkungu, binti aliyekwisha kurefuka, na mjukuu anayechomoza ardhini kama ncha ya mkuki. Machipukizi mengine hung'olewa yasiwanyonye hao watatu. Mama akishakatwa mkungu, kigogo chake hupasuliwa na kutandazwa palepale ili kioze na kuwalisha waliobaki. Hivyo ndivyo shina lililopandwa na babu linavyoweza kumlisha kitukuu ambaye hawakuonana.

Ndizi za kihamba ni za akina mama. Kahawa ilikuwa ya wanaume na vyama vyao vya ushirika. Ndizi mwanamke aliibeba kichwani mpaka sokoni, na fedha yake ikawa chumvi, sabuni, mafuta ya taa na daftari la mtoto. Mwanamke akijifungua hupikiwa mtori ili apate nguvu na maziwa. Ndizi mbivu na ulezi huwa mbege, na mbege haikosekani kwenye posa, matanga wala kikao cha wazee. Ng'ambo ya nchi, kwa Wahaya wa Kagera, kibanja kina utaratibu unaofanana na huo, na mgeni asiyeandaliwa ebitoke, ndizi za kupika, bado hajakaribishwa.

Na makaburi yamo humohumo. Uchagani na Buhaya wafu huzikwa katikati ya migomba. Mipaka ya kihamba imepandwa masale, na jani la isale ndilo analopelekewa mtu aliyekosewa anapoombwa msamaha. Kwa hiyo anayemwaga sumu katika udongo ule anaimwaga juu ya babu yake, na anayegombana na jirani juu ya maji anagombana akiwa amesimama kwenye mmea wa kuombea radhi. Sisemi kihamba ni pepo. Ardhi imekuwa finyu, vijana wamehamia mjini, na mabinti kwa muda mrefu walinyimwa urithi. Lakini ni mahali ambapo mtu hawezi kukana. Hawezi kusema udongo huu si wangu, wala aliyefia hapa si mtu wangu, wala madhara haya yatamfika mwingine nisiyemjua.

Ndizi ya meli ilianza vingine. Mwaka 1870 nahodha wa Marekani, Lorenzo Dow Baker, alipakia mikungu Jamaica na kuiuza Jersey City kwa faida nzuri. Mwaka uliofuata Costa Rica ilianza kujenga reli ya kushuka pwani ya Karibi, na kazi hiyo ikaishia mikononi mwa kijana aliyeitwa Minor Keith, aliyepanda migomba kando ya njia ya reli yake. Vibarua wake, wengi wao Wajamaika, walikufa kwa maelfu kwa malaria na homa ya manjano. Mwaka 1899 kampuni ya Baker na wenzake wa Boston na mali za Keith ziliunganishwa, ikazaliwa United Fruit Company. Watu wa Amerika ya Kati waliipa jina la Pweza, kwa kuwa mikono yake ilishika ardhi, reli, bandari, meli na njia za simu kwa wakati mmoja. Ndizi ikawa tunda rahisi kuliko tofaa lililokuzwa nje ya dirisha la mnunuzi. Hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu mwenye busara aulize tofauti ile inalipwa na nani.

Jibu lilitolewa hadharani Ciénaga, mji wa pwani ya Kolombia, mwaka 1928. Novemba ya mwaka huo maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya ndizi ya kampuni hiyo waligoma. Ukisoma madai yao leo utashangaa yalivyokuwa madogo. Walitaka walipwe fedha taslimu, si vocha za kununulia katika duka la kampuni. Walitaka walipwe kila wiki, wapate siku moja ya mapumziko, wawe na bima ya ajali, nyumba zenye usafi na hospitali. Kampuni ilijibu kwamba haina wafanyakazi. Watu wale, ilisema, waliletwa na wakandarasi, nao wakandarasi ndio waajiri wao. Basi sheria ya kazi ya Kolombia haiihusu. Mikono iliyopanda, iliyopalilia, iliyokata na kupakia kila mkungu uliokuwa ukiondoka bandarini ilikuwa, kwenye makaratasi, mikono ya watu wasiokuwepo.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba umati ulikuwa umekusanyika uwanjani karibu na stesheni, wanaume pamoja na wake zao na watoto. Wanajeshi wa Jenerali Carlos Cortés Vargas walisoma amri ya kuwataka watawanyike, wakahesabu dakika chache, kisha wakafyatua risasi. Jenerali mwenyewe alikiri maiti 47. Wengine walitaja mamia, wengine zaidi ya elfu, na hesabu ya kweli haikupatikana kamwe. Mwaka 1929 mwanasheria kijana, Jorge Eliécer Gaitán, alikwenda katika mashamba yale, akakusanya maneno ya walionusurika na kuyapeleka bungeni Bogotá. Gabriel García Márquez, aliyezaliwa katika mji wa jirani wa Aracataca, aliyaingiza mauaji hayo katika riwaya yake ya mwaka 1967, na jambo linalotisha zaidi humo ni kwamba baada ya risasi watu wa mji wanakana kuwa kuna aliyekufa.

Wazee wetu wangeikata kesi ya Ciénaga kabla kahawa haijapoa. Ukiita watu kazi ya ujima shambani kwako, waliokuja ni wako mpaka jua lizame. Utawapa chakula, utawapa cha kunywa, na jembe likimkata mtu mguu, kidonda ni chako. Haidhuru nani alipita nyumba kwa nyumba kuwaita. Hilo la kuweka mtu wa kati ili jasho la kibarua lisikufikie, wangelishangaa kwanza, halafu wangelikasirikia. Na mtindo wenyewe haukufa na mwaka 1928. Mpaka leo, katika mashamba mengi ya ndizi duniani, watu huajiriwa kupitia wakala, kwa siku au kwa miezi michache, ili mwenye shamba asiwe na deni nao wanapozeeka au wanapougua.

Guatemala nitaipita upesi, ingawa si habari nyepesi. Kwa miaka mingi kampuni hiyohiyo ilikuwa imeandikisha ardhi yake kwa thamani ndogo ili ilipe kodi ndogo. Mwaka 1952 serikali ya Rais Jacobo Árbenz ilipitisha sheria ya kugawia wakulima ardhi iliyolala bila kulimwa, ikaiahidi kampuni fidia kwa thamani ileile iliyoiandikisha yenyewe, takriban dola 627,000. Marekani, kwa niaba ya kampuni, ilidai zaidi ya dola milioni 15. Juni 1954 Árbenz aliangushwa katika njama iliyoendeshwa na CIA, shirika ambalo mkuu wake, Allen Dulles, na ndugu yake John Foster Dulles, waziri wa mambo ya nje, walitoka katika ofisi ya mawakili iliyowahi kuitumikia United Fruit. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, kuanzia 1960 hadi 1996, viliua au kupoteza watu zaidi ya 200,000. Yaliyochochea vita vile ni mengi kuliko ndizi. Ila mlango ulivunjwa hapo, na aliyeuvunja hakurudi kuutengeneza.

Turudi kwenye udongo, kwa sababu udongo ndio shahidi asiyehongeka.

Kila mkulima wa Kagera anamjua fukusi wa migomba, mdudu mdogo mweusi mwenye mdomo mrefu. Hutaga mayai kwenye tunguu, chini kabisa ya mgomba. Funza wake hutoboa njia ndani kwa ndani mpaka siku moja upepo mdogo tu unauangusha mgomba na mkungu wake mchanga. Mkulima anayejitahidi hupasua kigogo cha mgomba uliovunwa, akakilaza karibu na shina jioni, upande uliopasuliwa ukiwa chini. Fukusi hufuata harufu na kujificha humo. Asubuhi anakifunua, anawaokota mmoja mmoja na kuwaua. Machipukizi ya kupanda humenywa mizizi na sehemu zilizotobolewa, kisha hutumbukizwa kwenye maji ya moto. Ni kazi ya kuchosha mgongo, na fukusi hawamalizi. Wanapungua, mtu anapata chakula chake, na msimu ujao anaanza tena.

Martinique na Guadeloupe, visiwa vya Ufaransa katika Karibi, fukusi huyohuyo alipigwa kwa sumu iitwayo klorodekoni. Sumu hiyo ilikuwa ikitengenezwa Marekani, na mwaka 1975 kiwanda chake cha Hopewell, Virginia, kilifungwa baada ya wafanyakazi kuanza kutetemeka na kuugua. Visiwani ilikuwa imeruhusiwa tangu 1972. Habari za Hopewell zilipotoka haikuondolewa. Ufaransa ilipoipiga marufuku mwaka 1990, mashamba ya ndizi ya visiwani yaliongezewa ruhusa mpaka 1993. Leo zaidi ya watu wazima 9 kati ya kila 10 wa visiwa hivyo wana chembechembe zake katika damu. Mizizi kama magimbi na viazi huinyonya kutoka ardhini, kwa hiyo kuna mashamba ambayo mtu hawezi kulima tena chakula cha mababu zake. Maji ya mvua yameishusha hadi baharini, na sehemu za pwani zimefungwa kwa wavuvi. Kiwango cha saratani ya tezi dume huko ni miongoni mwa vya juu kabisa duniani, na watafiti wameihusisha na sumu hiyo. Udongo wenyewe utakaa nayo kwa miongo, na kuna mahali itadumu kwa karne.

Mwaka 2018 Rais Emmanuel Macron alikwenda Martinique na kuiita kashfa ya mazingira. Januari 2023 majaji wa Paris walilifunga shauri la jinai lililofunguliwa na wananchi, kwa hoja kwamba muda umepita mno na ushahidi ni mgumu kuthibitika. Ardhi haijui habari ya muda kupita. Fukusi mwenyewe bado yupo.

Ipo sumu nyingine ambayo nashindwa kuiandika bila uchungu. Inaitwa DBCP, dawa ya kuua minyoo ya mizizi. Wafanyakazi wa Amerika ya Kati waliijua kwa jina la Nemagon. Mwaka 1977 wafanyakazi wa kiwanda kimoja California walilinganisha habari zao wakagundua kwamba hakuna kati yao anayepata mtoto. Walipopimwa, wengi wao walikutwa na mbegu za uzazi chache mno au hawana kabisa. Kufikia 1979 Marekani ilikuwa imeizuia karibu kila mahali nchini mwake. Katika mashamba ya ndizi ya ng'ambo iliendelea kutumika. Maelfu ya wanaume wa Costa Rica, Nicaragua, Honduras, Ekwado na hata Ufilipino wamekwenda mahakamani wakidai kwamba waliachwa tasa.

Tafakari maana ya jambo hilo kwa macho ya wazee wetu, ambao baraka yao ya kwanza kwa kijana anayeoa ni watoto. Mtu anatoka nyumbani alfajiri kwenda kukuza chakula ambacho akina mama wa nchi za mbali huwapondea watoto wao wachanga, kwa sababu ni laini na kitamu na hakihitaji meno. Jioni anarudi na nguo zenye harufu ya dawa, mkewe anazifua kwa mikono. Miaka inapita. Na katika jamii nyingi, yao na yetu, lawama ya nyumba isiyo na mtoto humwangukia mke kwanza. Ni wanawake wangapi walisemwa, wakaachwa, wakapelekwa kwa waganga, kumbe jibu lilikuwa kwenye pipa lililosafirishwa kutoka nchi iliyokwisha kulikataa kwa watu wake? Hapo ndipo naona kukana kulikofikia kilele. Waliojua walijua. Waliona tu kwamba wanaoumia si wao.

Lakini mgomba una namna yake ya kulipiza. Ndizi ya kwanza ya meli ilikuwa Gros Michel, ambayo Waganda huiita bogoya na bado wanaipenda. Ngozi yake nene ilivumilia safari, na makampuni yakapanda hiyo peke yake, hekta baada ya hekta. Mgomba wa ndizi tunazokula haupandwi kwa mbegu. Chipukizi ni mama yuleyule, mwenye nguvu zilezile na udhaifu uleule. Ugonjwa wa Panama, mnyauko unaoletwa na kuvu wa ardhini, ulipopata njia ya kumwingia mmoja, ulikuwa umeipata ya wote. Makampuni yaliyakimbia mashamba yaliyougua, yakakata msitu mpya, yakapanda tena, yakakimbia tena, na nyuma yao vikabaki vijiji visivyo na kazi na reli zilizong'olewa. Kufikia miaka ya 1960 Gros Michel ilikuwa imetoweka katika biashara kubwa, ikachukuliwa nafasi na Cavendish, ambayo aina ile ya kuvu haikuiweza.

Funzo lililotolewa kwa gharama hiyo lilitupwa palepale, kwani Cavendish nayo ilipandwa peke yake. Leo karibu ndizi zote za kusafirishwa nje ni za aina hiyo moja. Aina mpya ya kuvu, TR4, ilianzia Asia, na inaiua Cavendish bila taabu. Mwaka 2013 ilithibitishwa kaskazini mwa Msumbiji, jirani zetu, katika shamba kubwa la biashara. Mwaka 2019 ikagunduliwa Kolombia, na 2021 Peru. Husafiri na udongo ulioshika kwenye buti, jembe au tairi, na ikishaingia shambani hukaa kwa miongo. Wakati huohuo madoa meusi ya majani, Sigatoka nyeusi, yameyafanya mashamba makubwa ya Amerika ya Kati kutegemea ndege. Baadhi yake hunyunyiziwa dawa kutoka angani zaidi ya mara 40 kwa mwaka, na ukungu wa dawa haujui mpaka wa shamba na shule.

Tusijisifu kwa kuwa migomba yetu ina majina mengi. Wachunguzi wa jeni wamegundua kwamba ndizi za kupika za nyanda zetu za juu, kuanzia Kagera na Uganda mpaka Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, ni ndugu wa karibu mno, waliotokana karibu wote na shina moja. Kilichotusaidia zaidi ni jinsi ya kuishi nayo. Mnyauko wa bakteria ulipoingia Uganda mwaka 2001 na baadaye kuvuka kwenye nchi jirani, ikiwemo Kagera, watu waliona ndizi zikiiva kabla ya wakati na kuoza ndani, na ukikata kigogo usaha wa manjano unachuruzika. Ugonjwa ule hubebwa na nyuki wanaotembelea ua la kiume linaloning'inia chini ya mkungu, na hubebwa na panga linalotoka mgomba mmoja hadi mwingine. Dawa yake haikuwa ya dukani. Ilikuwa mti wenye panda, wa kuvunjia lile ua bila kutumia panga mara chane ya mwisho inapotokea. Ilikuwa kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine, na kukata mapema shina lililougua.

Dawa hiyo ina ugumu mmoja. Ukifanya wewe na jirani yako asifanye, umepoteza muda wako, kwa sababu nyuki hawaulizi hatimiliki. Ndiyo maana vijiji viliweka sheria ndogo, kamati zikapita shamba kwa shamba, na mzee aliyekataa kuvunja ua la mgomba wake aliitwa barazani. Wako waliopoteza kibanja kizima, na Kagera ilionja njaa ambayo haikuizoea. Lakini pale watu walipokubali kwamba mgomba wa jirani ni mgomba wangu, migomba ilirudi.

Biashara ya dunia sasa husafirisha karibu tani milioni 20 kwa mwaka, na karibu theluthi yake hutoka Ekwado. Mwaka 2002 shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi watoto walivyokuwa wakifanya kazi katika mashamba ya nchi hiyo, wengine wakibaki shambani ndege inaponyunyiza dawa juu yao. Maduka makubwa ya Ulaya yameshindana kwa miaka kuishusha bei, kwa sababu ndizi ndiyo chambo cha kumwingiza mteja, na kila senti wanayoipunguza mbele inatafutwa nyuma mpaka inapatikana kwa mtu wa mwisho. Marekani na Ulaya ziligombania ushuru wa ndizi kuanzia miaka ya 1990 mpaka zilipopatana mwaka 2009, na katika ugomvi huo wakulima wadogo wa St Lucia, Dominica na St Vincent, wenye vishamba vya mteremkoni kama vyetu, ndio waliokufa kibiashara.

Hata hivyo kuna waliokataa kukana na kukanwa. Wafanyakazi wa Honduras waligoma kwa zaidi ya miezi miwili mwaka 1954, na mgomo wao ulizaa haki ya kuwa na vyama. Mwaka 2001 vyama vya Amerika ya Kusini na ya Kati viliifanya Chiquita, mrithi wa United Fruit, kusaini makubaliano ya kuheshimu haki za wafanyakazi katika mashamba yake. Kampuni hiyohiyo mwaka 2007 ilikiri mahakamani Marekani kwamba ilikuwa imewalipa wanamgambo wa Kolombia zaidi ya dola milioni 1.7. Kesi ya familia za waliouawa na wanamgambo hao ikaendelea, wakili baada ya wakili, mpaka Juni 2024, ambapo baraza la mahakama huko Florida liliamuru familia za watu wanane zilipwe dola milioni 38.3. Wajane wale walikuwa wamesubiri tangu wakiwa na nywele nyeusi. Msomaji uliyeko Muscat, Dubai au London, unayechukua kichane cha ndizi za Ufilipino au Ekwado bila kuhesabu bei, una sehemu yako katika kusubiri kwa namna hiyo, na ukiuliza dukani ndizi zile zimetoka shamba gani na wafanyakazi wake wana chama gani, utakuwa umeanza kuilipa.

Kwetu pia sasa wako wanaozungumza juu ya kuipeleka ndizi mbali zaidi ya soko la mjini la Mabibo. Sina ugomvi na hilo. Mkulima wa Rungwe, Karagwe au Moshi ana haki ya soko kama mtu mwingine yeyote, na mchuuzi anayepanga bei ya mkungu kwa kuutazama tu, bila mizani, naye anapunja. Ninachoogopa ni mikataba itakayokuja na aina moja ya mgomba, ardhi moja isiyo na mti, na wakala wa kati wa kuajiri vibarua. Basi mkataba wa kwanza utakapofika kijijini, uwe umeandikwa kwa Kiswahili na usomwe kwa sauti mbele ya akina mama wanaouza ndizi, si mbele ya mwenyekiti peke yake. Uonyeshe kipimo ni kilo ngapi na nani anashika mizani. Useme ni sehemu gani ya shamba itabaki ya ndizi za kula na za mtori. Useme maji ya mfongo yataguswa au hayataguswa. Utaje kila dawa itakayopulizwa, na kama nchi ya mnunuzi inairuhusu kwa mashamba yake. Na yule atakayebeba bomba la dawa mgongoni awe ametajwa ndani ya karatasi hizo kuwa ni mfanyakazi wa nani, pamoja na nani atakayemlipia matibabu akianza kukohoa.